Mkuki kwa nguruwe: watoto wanaotumika majumbani mwetu



Kila ifikapo Juni 12 dunia huadhimisha Siku ya Kupinga Ajira ya Watoto. Siku hii ilianzishwa na Shirika la Kazi Duniani, ILO, mwaka 2002. Hapa kwetu Pwani tumeizoea kwa sura moja: hema limepigwa, ofisa anasoma hotuba, watoto wa shule wanaimba, mabango yanapigwa picha, maji ya chupa yanagawanywa, kisha kila mtu anarudi kwake. Na baadhi yetu tukifika nyumbani tunafunguliwa mlango na mtoto wa miaka 13 mwenye mikono iliyolowa maji ya vyombo.

Huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie leo. Wapo wengine, wa matimboni, wa sokoni na wa ufuoni, nami nitawataja. Lakini hao tunawaona barabarani na tunawasikitikia. Huyu wa nyumbani tunakula alichopika na bado hatumhesabu.

Nianze kwetu, nisije nikaonekana nanyoosha kidole kwa majirani. Nilipokuwa mdogo mwishoni mwa miaka ya 1980, nyumbani kwetu Mombasa kulikuwa na msichana aliyetoka upande wa Ganze. Aliletwa na mwanamke aliyekuwa akimuuzia mama nazi. Alinizidi miaka miwili au mitatu hivi. Alfajiri mimi nikiamka, yeye ameshateka maji na mahamri yako kwenye karai. Saa moja alinibebea mkoba wa vitabu hadi lango la shule, akageuka akarudi nyumbani kufua. Alasiri nilipokwenda chuoni, yeye alikuwa akiipiga pasi kanzu yangu ya kesho.

Mama, Allah amrehemu, hakuwa mkatili. Msichana yule alikula tulichokula sisi, na Idi ilipofika alishonewa nguo kwa kitambaa kile kile cha dada zangu. Lakini katika miaka sita aliyokaa kwetu, hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mimi naingia lile lango na yeye anaishia nje.

Miaka michache iliyopita alikuja tanzia mama alipofariki. Baada ya watu kupungua alinivuta kando, akanipa simu yake. "Hebu nisomee hapa, ndugu yangu. Mtoto amenitumia, au anaomba?" Ulikuwa ujumbe wa M-Pesa. Mwanawe alikuwa amemtumia shilingi mia tano. Nikamsomea, akashukuru, akaenda zake. Mimi nilibaki pale nikiona haya, na haya hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika makala hii.

Hali ilivyo duniani na kwetu

Ripoti ya pamoja ya ILO na UNICEF iliyotolewa Juni 2025 inakadiria kuwa mwaka 2024 watoto milioni 138 duniani walikuwa katika ajira ya watoto. Kati yao milioni 54 walifanya kazi za hatari, zile zinazoweza kumjeruhi mtoto, kumtia maradhi au kumharibu kimaadili. Mwaka 2020 idadi ilikuwa milioni 160, kwa hiyo kuna nafuu. Lakini nafuu hiyo kwa sehemu kubwa iko kwingine. Afrika kusini mwa Sahara peke yake ina takriban watoto milioni 87, karibu theluthi mbili ya wote, na idadi hiyo imesimama pale pale kwa miaka minne. Mataifa yalikuwa yameahidiana kuikomesha ajira ya watoto kufikia mwaka 2025. Muda umefika na ahadi haikutimia.

Ripoti hiyo inaonyesha pia kuwa zaidi ya nusu ya watoto hao, asilimia 61, wako katika kilimo, uvuvi na ufugaji. Asilimia 27 wako katika huduma, na humo ndimo zimo kazi za nyumbani na uchuuzi.

Ukitaka kuwaona wa kwetu hapa Pwani huhitaji ripoti. Pita matimbo ya mawe ya Kilifi, au kwa wapondaji kokoto upande wa Mazeras, utamkuta mtoto ameketi na nyundo pembeni mwa mama yake. Nenda soko la Kongowea alfajiri, utawakuta wavulana wakiokota vitunguu vilivyoanguka chini ya lori au wakisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji. Nenda mangweni jioni, utamkuta msichana akipokea wateja wa mnazi. Nenda bandari ndogo za uvuvi siku ya shule, uhesabu ni wangapi wa umri wa darasa la sita wanaovuta jarife.

Na kuna lile tunalolionea aibu kulitaja. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya walitoa utafiti uliokadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika miji ya kitalii ya pwani yetu, kuanzia Malindi na Kilifi hadi Mombasa na Diani, walikuwa wakitumiwa katika biashara ya ngono. Tulizoea kuwalaumu watalii kwa hilo. Utafiti wenyewe ulionyesha kuwa wateja wengine ni watu wa hapa hapa.

Ajira ya watoto ni ipi?

Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa sababu ukilizungumza jambo hili barazani, mzee mmoja atakuambia: "Sisi sote tulifanya kazi tukiwa wadogo, na tumekuwa watu." Ana haki ya kusema hivyo. Mtoto kumsaidia mamake kukuna nazi, kupeta mchele, kufagia uani, au kwenda baharini na babake siku ya Jumamosi, hayo ni malezi. Mtoto asiyejua kazi yoyote amedhulumiwa na wazazi wake kwa namna nyingine. Udongo uwahi ungali maji.

Tofauti inakuja pale kazi inapomwondoa shuleni, inapozidi nguvu za mwili wake, au inapokuwa ni kwa faida ya mtu mwingine huku yeye mwenyewe hajifunzi kitu. Sheria zetu zinasema karibu hayo hayo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kumlinda dhidi ya kazi ya hatari au ya kumnyonya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13 kwa kazi yoyote. Wa miaka 13 hadi 16 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru na isiyomzuia kwenda shule. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto anayestahili ulinzi. Kenya iliridhia mkataba wa ILO kuhusu umri wa chini wa kazi tangu mwaka 1979, na ule wa kukomesha ajira mbaya zaidi za watoto mwaka 2001.

Kwa hiyo msichana wa miaka 13 anayelala kwako, anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa tano usiku, ambaye haendi shule wala chuoni, huyo si "msaidizi" wala si "mtoto wa ndugu". Kwa sheria za nchi, wewe umevunja sheria.

Chimbuko lake

Sababu ya kwanza ni umaskini, na kila mtu anaijua. Lakini umaskini wa Pwani una historia yake, na tusiuzungumze kama mvua iliyoshuka kutoka juu.

Familia nyingi za ndani Kilifi na Kwale zinaishi kwenye ardhi ambayo hazina hati yake. Tatizo hilo lina mizizi tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 wakati wa Mwingereza, na serikali zote zilizofuata zimelishika kwa ncha za vidole. Mtu asiye na hati hapati mkopo, na hapandi mkorosho wa miaka thelathini mahali anapoweza kufukuzwa kesho. Kisha viwanda vilivyokuwa vikiwaajiri baba zetu vikafa kimoja kimoja. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Kile cha korosho cha Kilifi kiliporomoka miaka ya 1990. Juzi juzi tukashuhudia reli mpya ikibeba makontena, na amri ya mwaka 2019 kwamba mizigo ya bara ipelekwe kwa reli iliwaacha madereva, mataniboi, mafundi wa gereji na mama ntilie wa Mombasa na Mariakani bila riziki. Amri hiyo iliondolewa mwaka 2022, lakini mtoto aliyetolewa shule kwenye miaka ile mitatu hakuondolewa amri yake.

Juu ya hayo ukaja ukame. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo. Ganze, Kinango, Magarini na Tana River mifugo ilikufa na visima vikakauka. Mzazi mwenye watoto saba na debe moja la mahindi anapoambiwa na dalali kuwa kuna nyumba Mombasa inataka msichana, hafikirii sheria ya mwaka 2007. Anafikiria sahani moja itakayopungua.

Sababu ya pili ni shule yenyewe. Tunaambiwa elimu ya msingi ni bure tangu Januari 2003, na ni kweli kuwa mwaka ule maelfu ya watoto walirudi darasani. Lakini serikali humtengea mwanafunzi wa shule ya msingi shilingi 1,420 kwa mwaka mzima, na hata hizo mara nyingi huchelewa. Gawa kwa siku za masomo uone zinabaki ngapi. Pengo hilo linazibwa na mzazi: pesa za mtihani, za uji, za dawati, za mlinzi, sare, viatu, na vifaa vya mtaala huu mpya. Mtoto asiyelipa anarudishwa nyumbani Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi hajisumbui kwenda, na wiki ijayo yuko timboni anatafuta hiyo pesa.

Ya tatu ni karatasi. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hupata taabu kusajiliwa kwenye mfumo wa wizara na kufanya mtihani wa taifa. Ndugu zetu Wapemba, waliozaliwa na kuvua hapa kwa vizazi kadhaa, walitambuliwa rasmi kuwa raia mwaka 2023 tu. Je, watoto wao waliokwama kabla ya hapo walikwenda wapi? Wengi waliingia baharini.

Ya nne ni korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na madarasa mengi hayakufunguliwa tena hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo tisa wapo wavulana walioonja pesa ya bodaboda na ya vyuma chakavu, na wapo wasichana waliopata mimba au waliopelekwa mjini kufanya kazi. Wengi wao hawakurudi darasani.

Ya tano inatugusa kwa karibu. Mama zetu na dada zetu wengi wamekwenda Saudia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wanatuma pesa, na pesa hizo zimejenga nyumba na kusomesha watu. Lakini anayebaki na wadogo ni nani? Mara nyingi ni bibi mzee, na bibi akichoka ni binti wa kwanza, mwenye miaka 12, anayeacha shule ili awe mama. Wakati mwingine yule aliyekwenda Ghuba anatuma pesa za kuajiri yaya, na yaya mwenyewe anakuwa ni mtoto wa mtu mwingine, maskini kuliko wao. Tunalia, na tuna haki kulia, tunaposikia Mkenya aliyenyimwa mshahara na kufungiwa ndani Riyadh. Lakini msichana wa Kaloleni aliyefungiwa ndani Majengo hatumlilii. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Na ya sita ndiyo tusiyoipenda kusikia: soko liko. Hakuna dalali atakayemleta mtoto kama hakuna nyumba inayomtaka. Na tunamtaka mtoto kwa sababu ni rahisi. Tangu Novemba 2024 mshahara wa chini kisheria kwa mfanyakazi wa nyumbani katika jiji kama Mombasa ni zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi. Mama mtu mzima anajua haki zake, anataka siku ya mapumziko, na akitukanwa anajibu. Mtoto analipwa 3,000 au 4,000, mara nyingi zinapitia kwa dalali au zinatumwa kwa baba, na yeye mwenyewe hazioni. Hajibu. Hana pa kwenda, na pengine hata hajui njia ya kurudi kwao.

Hasara ni ya nani?

Hasara ya kwanza ni ya mtoto mwenyewe. Mgongo unaobeba mtungi wa lita 20 kabla haujakomaa hulipa baadaye. Vumbi la mawe huingia kifuani na halitoki. Huyu wa nyumbani ana hatari yake ya peke yake: yuko ndani ya kuta nne, usiku na mchana, katika nyumba yenye vijana na wanaume. Tumesikia mara ngapi msichana wa kazi amerudishwa kwao ghafla "kwa sababu ya utovu wa adabu", na miezi sita baadaye amejifungua? Hakuna aliyeuliza utovu huo ulikuwa wa nani. Maofisa wa kazi wanaweza kuingia kiwandani na timboni. Kwenye nyumba yako hawaingii, na ndiyo maana mtoto huyu ni mgumu kumsaidia kuliko wote.

Hasara ya pili ni ya jamaa yake. Aliyeacha shule darasa la tano huolewa mapema, hupata kazi za chini, na mwanawe hukutana na mlango ule ule. Pia mtoto anapokubali kazi kwa shilingi mia, mtu mzima wa timboni hawezi kudai mia tano. Baba anakosa kazi kwa sababu mwana ameipata kwa bei ya chini, kisha mwana analazimika kufanya kazi kwa sababu baba hana kazi.

Hasara ya tatu ni yetu sote Wapwani. Kila nafasi za kazi zinapotangazwa bandarini, kwenye mahoteli au kaunti, tunalalamika kuwa zimechukuliwa na watu wa bara. Malalamiko hayo yana ukweli wake na mimi nimewahi kuyaandika. Lakini kazi hizo zinataka vyeti. Tutatoa wapi vijana wenye vyeti ikiwa kila mwaka tunawaruhusu watoto wa Ganze na Kinango waishie jikoni kwetu na matimboni? Hatuwezi kudai haki ya Mpwani asubuhi na kumnyima shule mtoto wa Mpwani jioni.

Dini yetu inasemaje

Wapo wanaojitetea kwa dini. Nimeambiwa ana kwa ana: "Hata Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alihudumiwa na mtoto, Anas bin Malik." Ni kweli. Anas alikuwa na miaka kama kumi Mtume alipohamia Madina, na alimhudumia miaka kumi. Lakini tusome habari yote. Aliyempeleka ni mamake, Ummu Sulaym, na alimpeleka ili apate elimu na dua. Anas mwenyewe ndiye aliyesimulia kuwa katika miaka yote hiyo hakuwahi kuguniwa wala kuulizwa kwa nini amefanya hili au hakufanya lile. Na alitoka pale akiwa ni nani? Alitoka akiwa mmoja wa wapokezi wakubwa wa hadithi, zaidi ya 2,000 zimepitia kwake. Umma mzima unasoma alichojifunza katika nyumba ile.

Sasa tujiulize, yule msichana wa kwako akikaa miaka kumi atatoka na nini? Atajua hata kusoma Al-Faatiha? Wapo waliokaa na watoto wa watu miaka mitano katika nyumba zinazosomwa Maulidi kila mwaka na hawakuwapeleka chuoni hata siku moja, kwa sababu saa ya chuo ndiyo saa ya kutayarisha chai ya jioni. Anayemtaja Anas basi amlee mtumishi wake kama Anas alivyolelewa.

Mafundisho mengine yanajulikana na kila aliyepita madrasa. Tumefundishwa kuwa walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula, tuwavishe tunachovaa, na tusiwabebeshe kazi wasiyoiweza. Tumefundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na kwamba anayemtumikisha mtu kisha akamnyima ujira, Allah Mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Ikiwa hivyo ni kwa mtu mzima aliyekubaliana nawe bei, vipi kwa mtoto ambaye hakuulizwa?

"Nikimrudisha atakufa njaa"

Hoja hii nimeisikia zaidi kuliko zote, na sitaki kuidharau kwa sababu ina nusu ya ukweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliletwa mswada katika Bunge la Marekani wa kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto. Wenye viwanda vya nguo Bangladesh waliogopa kupoteza soko, wakawafukuza makumi ya maelfu ya watoto kwa mkupuo. Watu walishangilia. UNICEF walipowafuatilia watoto hao, waliwakuta wengi hawakurudi shule. Walikuwa wakiponda mawe, wakichuuza barabarani, na wengine wakiuza miili yao. Mwaka 1995 ndipo wenye viwanda, ILO na UNICEF walipokubaliana kuwa mtoto asiondolewe kiwandani mpaka awe na nafasi ya shule na posho ya kuisaidia familia yake.

Somo ni kwamba kumfungulia mtoto mlango saa mbili usiku na kumwambia "rudi kwenu, nisije nikashtakiwa" hakumsaidii. Ni kujisaidia wewe. Lakini somo hilo halikupi ruhusa ya kuendelea naye kama ulivyokuwa. Kama kweli unamwonea huruma, huruma hiyo ina gharama yake, na gharama hiyo ni ndogo kuliko tunavyojifanya.

Tufanye nini

Kwa mwenye mtoto kama huyo nyumbani: muulize umri wake, na umuulize yeye, si dalali. Zungumza na wazazi wake kwa simu, au afadhali ufunge safari ufike kwao. Akiwa ni wa umri wa shule, arudi shule. Kama unaweza kumsomesha kwao, peleka sare, ada na kiasi cha chakula. Ukiona kwao hakukaliki, nenda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako uzungumze nao, ili ijulikane rasmi kuwa unamlea na anasoma, kama wanavyosoma wanao. Na mshahara wake uliobaki umlipe. Kisha ajiri mtu mzima. Wapo mama wengi mtaani wanaotafuta kazi ya kutwa. Ukiwa huna uwezo wa kumlipa mtu mzima, basi huna uwezo wa kuajiri, na vyombo vya nyumbani kwako vioshwe na wanao.

Kwa misikiti yetu: khutba moja kwa mwaka kuhusu jambo hili haitapunguza thawabu za khutba nyingine. Na zaka. Kila Ijumaa tunaona msururu wa maskini, na watoto wao, wakipita duka kwa duka Mombasa wakipewa shilingi kumi kumi. Kumi hizo zinalisha siku moja na kumfundisha mtoto kuomba. Zaka ya wafanyabiashara kumi ikikusanywa pamoja na kamati ya msikiti yenye hesabu za wazi, inaweza kuwaweka watoto wa kijiji kimoja darasani mwaka mzima. Mafukara na masikini ndio wa kwanza kutajwa katika wanaostahili zaka, nao wako Ganze na Kinango, mwendo wa saa mbili kutoka hapa.

Kwa viongozi: pesa za basari zigawanywe mapema na kwa majina yanayobandikwa ukutani, kwa sababu mtoto aliyefukuzwa Januari hasaidiki na hundi ya Juni. Chakula cha mchana shuleni sehemu za ukame si anasa. Mzazi maskini atampeleka mtoto mahali palipo na sahani. Brazil ilianzisha mwaka 2003 mpango wa kuwalipa akina mama maskini kila mwezi kwa sharti kwamba watoto wahudhurie shule na wapate chanjo, na mamilioni ya familia zilifikiwa. Sisi tunao mpango wetu wa fedha kwa mayatima na watoto walio katika shida, ulioanza mwaka 2004. Unahitaji kupanuliwa na kulipwa kwa wakati. Vyuo vya ufundi viko chini ya kaunti. Kijana wa miaka 16 aliyepitwa na darasa apate pa kujifunza useremala, umeme au upishi. Na suala la ardhi na viwanda vya korosho na nazi wasitukumbushe tu wakati wa kura.

Kwa jirani: ukisikia mtoto analia usiku katika nyumba ya pili, usiongeze sauti ya televisheni. Kuna nambari 116 ya kusaidia watoto, haina malipo. Yupo mzee wa mtaa, yupo chifu, yupo imamu. Kunyamaza kwa kuogopa kuvunja ujirani ni kumvunja mtoto.

Najua makala hii haitawafurahisha wote, na baadhi ya wasomaji watasema namvunjia heshima marehemu mama yangu kwa kuyaanika ya nyumbani. Mama alifanya kama walivyofanya wenzake wote wakati ule, na alimtendea yule msichana wema kwa kadiri alivyojua. Sisi tunajua zaidi, na hatutakuwa na udhuru wake.

Yule dada ana mjukuu wa kike anayeingia gredi ya tatu. Nimeahidi kuwa ada na sare zake ni juu yangu hadi atakapomaliza. Sisemi haya nisifiwe, maana ni deni nililolichelewesha kwa zaidi ya miaka thelathini. Natumai msomaji mmoja atakayeinua macho kutoka kwenye simu hii, amwone aliyeko jikoni kwake, atalipa la kwake mapema kuliko mimi.

Wabillahi tawfiq.